Mbio "mwanzo mwisho" zilizokosa mwisho: uzoefu wangu na lounge moja ya Dar

Naanza na nyota moja, tukifika chini nitajua kama naongeza au naitoa na hiyo. Sitaji jina la sehemu, ni lounge moja hapa Dar, wenye kwenda wataijua kwa kuku wake na kwa meneja anayetembea na rimoti kwenye mfuko wa shati kama peni. Stori yenyewe ni ya zamani, ya ile Jumapili ya Desemba 2021, na nilishaapa siiongelei tena maana mke wangu kachoka kuisikia, ila juzi kati hapa nimepita pale na bajaji nikaona wametundika bango jipya, FAINALI YA FORMULA ONE LAIVU, NJOO UONE MWANZO MWISHO. Mwanzo mwisho! Nikamwambia dereva simama kidogo kaka, akasimama, nikalitazama lile bango wee, nikamwambia haya twende. Nimefika home sijala hata chakula, nimekaa naandika.

Kwa ambao hamkuwepo. Formula One ni mbio za magari, na mwaka ule madereva wawili, Lewis Hamilton wa timu ya Mercedes na Max Verstappen wa Red Bull, walifika mbio za mwisho pale Yas Marina, Abu Dhabi, wakiwa wamelingana pointi, sio wamekaribiana, wamelingana kabisa, 369.5 kwa 369.5. Hiyo nusu ilitoka Ubelgiji, ile siku ya mvua pale Spa, magari yalizunguka mizunguko michache nyuma ya gari la usalama, lile linalowaongoza wote polepole kukiwa na hatari, hakuna aliyempita mwenzake, wakagawiwa nusu ya pointi na watu wakarudi makwao na maji kwenye viatu. Mara ya mwisho wagombea ubingwa kuingia fainali wamelingana hivyo ilikuwa 1974, mi hata sijazaliwa. Na Lewis alikuwa anatafuta ubingwa wa nane, ambao hakuna binadamu amewahi kuufikisha, alikuwa nao saba sawa na bingwa wa zamani Schumacher. Mtu mweusi peke yake kwenye gridi nzima. Sasa hapo unakaa nyumbani? Nyumbani king'amuzi kipo ila kifurushi chenye mbio ndo hakuna, na Desemba ile ada za shule za Januari zilishaanza kunichungulia dirishani.

Uzuri wa Abu Dhabi wametutangulia saa moja tu, mbio zinaanza saa kumi jioni, sio zile za Amerika unakesha kama mlinzi wa ghala.

Basi nikaenda. Kiingilio elfu kumi, kinywaji kimoja humo humo, nikachagua Stoney maana nilitaka akili yangu iwe pale. Televisheni mbili, moja kubwa ukutani na nyingine ya chogo jirani na mlango wa choo, hii ya chogo mnikumbushe baadaye. Watu wa mbio tulikuwa kama ishirini hivi. Kulikuwa na mzee mmoja wa makamo ya baba yangu anatuhadithia enzi za Safari Rally inapita mpaka huku kwetu, anasema wanangu, sisi tulikuwa tunasimama kando ya barabara tunakula vumbi bure, leo natoa elfu kumi kuangalia ukuta. Na kijana mmoja tu wa Max, kofia ya rangi ya chungwa, tulimkalisha kona tukamwambia we leo utalia. Alikuwa anacheka tu.

Na kuku akaja. Lazima niseme ukweli kuhusu huyu kuku manake nisipousema kesho watasema nina chuki binafsi. Kuku wao ni mtamu, haki ya Mungu. Anachomwa taratibu, ngozi inakaukia, anakuja na ndimu iliyokatwa mara mbili na pilipili ya kusaga kwenye kibakuli pembeni, sio ile ya chupa. Yule dada mhudumu aliniletea sekunde zile zile taa zinazimika kule Abu Dhabi, akaniambia karibu kaka, mkono wa kulia paja mkono wa kushoto Stoney, na Lewis anaondoka kama kaitwa, kampita Max kabla hata ya kona ya kwanza. Nyie! Kama wangekata umeme pale pale ningewapa nyota tano nikaenda zangu kulala.

Mbio zenyewe sitazisimulia zote, mnazijua. Max alijitosa mzunguko ule ule wa kwanza, Lewis akatoka nje ya njia akarudi bado yuko mbele, yule wa kofia ya chungwa akasimama anadai arudishe nafasi, waamuzi wakasema hakuna kesi, tukamwambia kaa chini. Halafu kuna pale Sergio Perez, au Checo, mwenzake Max pale Red Bull, alipomwekea Lewis ngumu kama mizunguko miwili, anampita anarudi anampita anarudi, mpaka Max akafika mgongoni na kwenye redio akasema Checo ni legend. Mzee akasema huyu sio dereva huyu ni beki namba tano. Ila baada ya hapo Lewis akaondoka, sekunde zikawa zinaongezeka, kumi, kumi na kidogo, na watu tukaanza kulegea kwenye viti, mtu anaagiza cha pili, mtu anampigia mkewe anachelewa.

Sasa saa kumi na moja ilipofika wakaingia wale wa mpira.

Siku ile kulikuwa na Leicester na Newcastle. Naomba mtu aniambie, Dar nzima hii nani shabiki wa Newcastle? Hakuna. Ulikuwa ni mkeka wa kubeti. Kama watu kumi na tano wameingia na simu mkononi, kila mmoja ana mkeka wake, na jana yake watani Simba na Yanga walikuwa wametoka bila bila pale kwa Mkapa kwa iyo hawa ndugu zetu walikuja na hasira za kubakiza. Wakasimama nyuma ya viti vyetu, wananong'ona kwa sauti, hivi haya magari yanaisha saa ngapi, yanazunguka tu, si yalishazunguka jamani. Nikawa namwona meneja anaenda nao kaunta anarudi, anaenda anarudi, mkono kwenye mfuko wa shati. Mi nilijua. Ndani ya moyo nilijua.

Mzunguko wa 53 kati ya 58, Nicholas Latifi wa Williams akabamiza ukuta. Gari la usalama likatoka, wote wakabanana nyuma yake, zile sekunde kumi za Lewis zikafutika. Na hapa ndo patamu, maana Max hakuwa na cha kupoteza akaingia piti fasta akafunga tairi laini mpya, zenye kasi zaidi, na Lewis hakuweza kuingia kwa sababu angeingia Max angebaki nje akachukua uongozi, kwa iyo akabaki na zile ngumu zake alizozivaa tangu mapema, zimeshachoka kabisa. Sasa yote yanategemea kitu kimoja, je mbio zitarudi au zitaishia nyuma ya gari la usalama, na kama zitarudi, je yale magari matano yaliyopitwa mzunguko ambayo yako katikati ya Lewis na Max yatabaki pale au yataondolewa? Ikaja taarifa kwamba hayataruhusiwa kupita. Tukapiga makofi. Mzee akasema alhamdulillah.

Yaani moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka nausikia kwenye meno. Na kwenye skrini, nakiri, ukiwa huelewi chochote unachokiona ni magari yamepanga mstari yanatembea polepole.

Meneja akatoa rimoti. Ile rimoti ilikuwa imevikwa mfuko wa nailoni imefungwa na rababendi, kifuniko cha betri hakipo, pamegandishwa selotepu ya kahawia, naikumbuka kuliko sura ya yule meneja. Akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikaja kijani. Uwanja wa mpira.

Nilisimama nikidhani kakosea. Nikamwambia bosi, umebonyeza vibaya. Akasema sijabonyeza vibaya kaka, mbio zimeisha. Nikamwambia hazijaisha, bado mizunguko, hilo ni gari la usalama. Akanijibu, na hapa nanukuu maana nimeyabeba maneno haya miaka yote, "Kaka, magari yamesimama kwenye mstari. Unataka kuangalia foleni? Foleni si unaiona Mwenge kila siku?"

Wale wa mikeka wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Nikisema ukweli wa Mungu, kama ningekuwa sio mimi hata mimi ningecheka. Lakini nilikuwa mimi! Nikamwambia basi tuwekee kwenye ile ya chogo, sisi tutahamia kule kwenye choo hatuna shida. Akasema sawa, tukabeba viti, watu ishirini na mzee wetu tunasogea na viti vya plastiki vinaburuzwa, tunafika pale tunatazama ile chogo, na yenyewe inaonyesha Leicester na Newcastle. Televisheni mbili, king'amuzi kimoja! Ukibadilisha huku kunabadilika na kule. Na yule meneja alijua, alitwambia twende akijua. Mi hapo ndo nilipomwita jina ambalo siwezi kuliandika humu kwa sababu kuna watoto wanasoma, na yeye akanijibu, "Kwani Hamilton ni ndugu yako? Ukitaka kushika rimoti kanunue TV yako."

Hebu fikiria wakati huo kule Abu Dhabi kinachoendelea. Mkurugenzi wa mbio Michael Masi kabadilisha uamuzi, karuhusu magari yapite, lakini sio yote yaliyopitwa mzunguko, ni yale matano tu yaliyokuwa katikati ya Lewis na Max, Norris, Alonso, Ocon, Leclerc na Vettel, na gari la usalama likaitwa ndani mapema ili ubaki mzunguko mmoja wa kukimbia. Mmoja tu! Max na tairi mpya laini, Lewis na mawe. Kona ya tano Max akajitosa ndani akapita. Dunia nzima inaona. Mi naangalia Leicester na Newcastle, bado bila bila, jamaa kainama anafunga kamba za viatu.

Nilijua matokeo kwa voisi noti. Binamu yangu yuko Dubai, anafanya kazi kwenye hoteli, alikuwa anaangalia na wenzie chumbani kwao. Simu ikaita ngii, nikafungua, sekunde tatu, kelele tu za watu na yeye anasema "Wamemuibia! Mwanangu wamemuibia!" Basi. Habari za ubingwa wa nane mi nimezipata hivyo, nimesimama mlangoni mwa choo nimeshika kiti cha plastiki.

Meneja aliporudisha chaneli, maana mzee alimfuata akamwambia mwanangu mimi ni mtu mzima nakuomba, mzee hata sauti hakupandisha, akarudisha. Tukakuta Max kachuchumaa pembeni ya gari lake na helmeti kichwani, na Lewis bado yuko ndani ya lake, katulia, hatoki. Hiyo picha hainitoki. Anakaa tu mle ndani. Sisi nasi tumekaa tu. Hakuna aliyesema kitu, wale wa mikeka wenyewe walinyamaza, mmoja akaniuliza kwa upole kwani kaka alikuwa anaongoza? Nikamwambia alikuwa anaongoza.

Sasa mnajua nani alikasirika kuliko wote? Yule wa kofia ya chungwa! Mtu wake kachukua ubingwa wa kwanza wa maisha yake kwa kumpita mpinzani mzunguko wa mwisho wa msimu mzima, kitu ambacho utawasimulia wajukuu, na yeye hakukiona, alikuwa anaangalia kona ya Newcastle. Alikuwa anakaribia kulia kweli, sisi tulimtabiria atalia ila sio kwa staili hii. Tukajikuta mi na yeye tuko kaunta bega kwa bega tunadai elfu kumi zetu, mtu wa Lewis na mtu wa Max, tunamaliziana sentensi. Meneja akasema kuku mmekula. Nikamwambia kuku nimelipia mbali! Akasema soda umekunywa. Hapo kweli nilikuwa nimekunywa.

Hatukurudishiwa kitu. Kwa iyo nyota moja naitoa, sifuri.

Ila ngoja. Kuna kitu kinanisumbua na nimekikataa miaka yote. Hivi mi nilimkasirikia meneja au nilimkasirikia Masi? Maana usiku ule nilikuja kuuangalia ule mzunguko kwenye simu ya yule dada mhudumu, alikuja kunionyesha mwenyewe kwa bando lake, akaniambia kaka pole, na nikamsikia Toto Wolff, bosi wa timu ya Mercedes, anapiga kelele redioni hapana Mikey, hapana, hii sio sawa kabisa, na Masi anamjibu kwamba hizi zinaitwa mbio za magari. Nikaanza kutetemeka upya. Nikajiuliza, ningeyaona haya laivu, kwenye skrini kubwa, na yule kijana wa kofia anaruka juu ya viti pembeni yangu, ningefanyaje? Ningeivunja ile TV mi. Ningelala polisi. Labda meneja kaniokoa, labda namdai shukrani. Dakika hii nampa nyota mbili.

Na mambo yaliyofuata mnayajua, Mercedes wakatangaza nia ya kukata rufaa halafu wakaachana nayo, Lewis akapewa usir, kile cheo cha heshima cha Uingereza, siku tatu tu baadaye pale Windsor na mama yake, akakaa kimya wiki nyingi. Latifi wa watu, ambaye kosa lake ni kugonga ukuta tu, akatukanwa mpaka kutishiwa kuuawa, akaandika barua ndefu kujieleza, hapo mashabiki wenzangu tulitia aibu. Februari Masi akaondolewa kwenye kazi ile. Machi 2022 FIA, wale wasimamizi wa mbio duniani, wakatoa ripoti, wakasema lilikuwa kosa la kibinadamu, ila matokeo ni halali, yanabaki.

Sasa nyie sikieni hii. Baada ya ile ripoti nilirudi pale lounge mara moja tu, nilifuata kuku, sikufuata kingine. Nikamkuta meneja, nikamkumbushia elfu kumi yangu kiutani. Kumbe yule wa kofia ya chungwa amekuwa mteja wake wa kila wiki, wamekuwa marafiki, kamfundisha na maneno. Meneja kaniangalia usoni, kanishika bega, akasema "Kaka, lilikuwa kosa la kibinadamu. Ila matokeo yanabaki." Akaondoka na rimoti yake. Nailoni ile ile!

Sifuri. Sifuri na nusu, hiyo nusu ya kuku, kama wao waligawa nusu pale Spa na mimi nagawa. Na yule dada kama bado yupo yeye peke yake apewe tano, bando lilikuwa lake.

Na juzi niliwadanganya hapo juu, sikumwambia dereva twende. Nilishuka. Lewis siku hizi yuko Ferrari, ubingwa ule wa nane mpaka leo naandika hajauona, na mi moyo wangu mjinga ukaona bango ukashuka kwenye bajaji. Nikaingia mpaka kaunta, meneja hakuwepo, kuna kijana mpya mpole sana, TV sasa ziko nne, zote bapa, ya chogo wameitoa. Nikamuuliza mdogo wangu, king'amuzi mnavyo vingapi?

Akasema viwili kaka. Ila kimoja kipo kwa fundi.